Milioni tano za kupiga pedeli sebuleni

*Baiskeli ya mazoezi yenye skrini na mwalimu wa mtandaoni inauzwa kama dawa ya mtu asiye na muda. Tumeipigia hesabu kwa macho ya mkazi wa Msimbu, wilayani Kisarawe.*

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri, barabara ya kutoka Msimbu kwenda Kisarawe mjini haikosi baiskeli. Moja imebeba magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu, na mwenyewe wala hajakaa kwenye kiti: anaikokota kupandisha mlima, mkono mmoja kwenye usukani, bega likisukuma gunia. Inayofuata ina tenga la mananasi. Siku hizi bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya mizigo hiyo, lakini kwa asiye na hela ya mafuta, pedeli bado ndiyo injini.

Kando ya barabara hiyohiyo wamesimama watu wa aina nyingine, mabegi ya kompyuta mgongoni, wakisubiri usafiri wa kuwafikisha Kisarawe, kisha Pugu, kisha Gongo la Mboto, na mwisho Posta. Hawa ni wale waliofuata viwanja vya bei nafuu, wakajenga, wakahamia kabla plasta haijakauka. Wanaondoka gizani na kurudi gizani. Kutwa nzima wamekaa: kwenye gari, ofisini, kwenye gari tena.

Hawa wa pili ndio wanaoambiwa na daktari wafanye mazoezi. Na hawa ndio ambao simu zao huwaonyesha tangazo la mtu anayetokwa jasho sebuleni kwake, juu ya baiskeli isiyokwenda popote, huku mwalimu aliye ng'ambo ya bahari akimhimiza kwenye skrini aongeze kasi.

Kazi tuliyopewa na mhariri ilikuwa kujibu swali moja: mtu wa Msimbu akinunua kifaa hicho, kitamlipa?

Kutoka Titanic hadi sebuleni

Baiskeli ya kusimama mahali pamoja si kitu kipya. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912 ilizama na chumba chake cha mazoezi, na baiskeli za namna hiyo zilikuwamo. Kwa miongo mingi baadaye kifaa hiki kilijulikana pia hospitalini na kwenye maabara, ambako hadi leo hutumika kupima moyo unavyofanya kazi mtu akiwa anahema.

Aliyekigeuza kuwa zoezi la kundi lenye muziki alikuwa mwana wa Afrika. Jonathan Goldberg, maarufu kama Johnny G, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa California miaka ya 1980 akijiandaa kwa mashindano ya baiskeli ya kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani. Akaunda baiskeli ya kujifua nayo nyumbani, kisha akaanza kuwafundisha wengine kwa kundi, muziki ukiwa juu. Miaka ya 1990 mtindo wake, uliopewa jina la Spinning, ulienea kwenye jimu za Marekani na baadaye duniani.

Kampuni ya Peloton, ambayo baiskeli yake ya skrini ndiyo tunayoipigia hesabu, ilianzishwa New York mwaka 2012 na John Foley pamoja na wenzake. Wazo lao lilikuwa hili: mzazi mwenye kazi na watoto hana muda wa kwenda jimu, basi jimu imfuate nyumbani. Walitengeneza baiskeli yenye skrini kubwa, wakaajiri walimu wenye mvuto, wakajenga studio ya kurushia vipindi. Baiskeli za kwanza ziliwafikia wateja mwaka 2014 kwa bei iliyokaribia dola 2,000.

Kisha likaja janga la corona. Jimu zikafungwa, wateja wakasubiri baiskeli kwa wiki na miezi. Hisa iliyouzwa dola 29 kampuni ilipoingia sokoni Septemba 2019 ilivuka dola 160 Januari 2021. Mwaka mmoja tu baadaye ilikuwa imeshuka chini ya bei ya kuanzia. Februari 2022 Foley aliachia ukurugenzi mkuu na kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi 2,800. Watu walikuwa wamerudi barabarani, jimu na kazini.

Historia hiyo inamhusu mnunuzi wa Msimbu kwa sababu moja kubwa. Baiskeli ya namna hii ni nusu chuma, nusu ahadi ya kampuni kwamba kesho nayo itarusha vipindi.

> Baiskeli ya namna hii ni nusu chuma, nusu ahadi ya kampuni kwamba kesho nayo itarusha vipindi.

Wapo waliokwisha kuumia. Kampuni nyingine ya New York, Flywheel, iliuza baiskeli za nyumbani zenye vipindi vyake, ikashtakiwa na Peloton kwa madai ya kuiga teknolojia, na mwanzoni mwa 2020 ikazima huduma hiyo. Wateja walibaki na chuma kizuri kisicho na mwalimu. Waliambiwa wanaweza kubadilishana na kupewa Peloton iliyokarabatiwa. Hao walikuwa Marekani. Mtu wa Kisarawe akipatwa na jambo kama hilo, atampigia nani?

Hesabu yenyewe

Peloton huuza Marekani, Canada, Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine chache. Tanzania haimo. Anayeitaka lazima aiagize kwa ndugu au wakala, na mzigo wenyewe una uzito wa kilo 61 hivi.

Tuchukue baiskeli yao ya kawaida kwa bei iliyodumu miaka kadhaa kuanzia 2022: dola 1,445. Kwa kukadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi milioni 3.6. Bidhaa iliyokamilika ikitoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Mpaka hapo tumeshavuka milioni 5.3, na bado hatujamlipa mwenye meli, wakala wa bandarini, wala kirikuu ya kutoka Dar hadi Msimbu.

Kwa fedha hiyo mtu ananunua bodaboda mpya na kubaki na chenji ya kuweka mafuta muda mrefu.

Na huo ni mwanzo tu. Ada ya kupata vipindi vyote ilikuwa dola 39 kwa mwezi, ikapanda hadi 44 Juni 2022, na Oktoba 2025 ikakaribia 50. Kwa mwaka ni dola 600, yaani shilingi milioni 1.5. Ukijumlisha ada ya miaka mitatu na bei ya baiskeli pamoja na kodi zake, unakaribia milioni 10.

Kuna anayedhani atakwepa kwa kununua iliyotumika. Tangu Agosti 2024 kampuni hiyo inamtoza dola 95 anayeingiza baiskeli ya mkononi kwenye mtandao wake huko Marekani na Canada. Na asipolipa ada ya mwezi, skrini ile kubwa hubaki kumwonyesha takwimu za safari yake na vipindi vya kuhesabika kwa vidole.

Kwa anayetaka ya mkononi kuna jambo jingine la kuangalia kabla ya bei. Oktoba 2020 pedeli za baiskeli zipatazo 27,000 za kampuni hiyo zilirudishwa kwa sababu zilikuwa zikikatika mtu akiwa anaendesha. Mei 2023 likafuata tangazo kubwa zaidi: mhimili wa kiti kwenye baiskeli zaidi ya milioni 2 zilizouzwa Marekani ulionekana unaweza kuvunjika, wenye baiskeli wakaambiwa waache kuzitumia hadi watumiwe mwingine bila malipo. Baiskeli ya namna hiyo ikitua bandarini kama mtumba, mnunuzi hatakuta tangazo lolote limebandikwa juu yake.

Bando ni jambo dogo kuliko wengi wanavyodhani. Kipindi cha nusu saa kwa picha ya ubora wa kuridhisha hula kama nusu GB au zaidi kidogo. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipoweka ukomo wa bei za data Aprili 2021, kima cha chini kilikuwa shilingi 2.03 kwa MB, yaani kama shilingi 2,000 kwa GB. Anayefanya vipindi vinne kwa wiki ana matumizi ya kama shilingi 20,000 kwa mwezi. Umeme nao, skrini na feni pamoja, haufiki uniti nyingi. Shilingi elfu moja kwa mwezi inaweza kutosha. Tatizo la umeme ni kukatika kwake, na mtandao wa simu kwenye mabonde ya Kisarawe nao una siku zake.

Saa ni tatizo ambalo matangazo hayalisemi. Kipindi cha moja kwa moja cha saa 12 asubuhi New York kinafika Msimbu saa 7 au saa 8 mchana, wakati mhusika yuko ofisini. Cha saa 12 jioni kinafika usiku wa manane. Studio yao ya London ina saa zinazokaribiana na zetu, lakini kwa sehemu kubwa mteja wa Afrika Mashariki atakuwa anatazama kipindi kilichorekodiwa. Na lugha kwa sehemu kubwa ni Kiingereza.

Wanachokiuza hasa

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 1898 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Norman Triplett, alichapisha uchunguzi uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya saikolojia ya jamii. Alikuwa amepitia kumbukumbu za mashindano ya baiskeli, akaona kwamba waendeshaji walikwenda kasi zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipopambana na saa peke yao. Akaendelea na majaribio kwa watoto, lakini alianzia kwenye baiskeli.

Peloton imejenga biashara juu ya ukweli huo. Chuma chenyewe kinaweza kutengenezwa na kiwanda chochote. Anachokilipia mteja ni mwalimu anayemwita kwa jina, orodha ya washiriki inayoonyesha nani yuko mbele yake, na muziki. Muziki huo nao si wa bure: mwaka 2019 wachapishaji wa muziki waliishtaki kampuni kwa kutumia nyimbo zao bila leseni, na kesi ikamalizika kwa makubaliano mwaka 2020.

Na mbinu hiyo inafanya kazi. Mwanzoni mwa 2021 kampuni iliripoti wastani wa mazoezi 26 kwa mwezi kwa kila akaunti, ingawa akaunti moja huweza kutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja. Robo mwaka iliyofuata, milango ya jimu ilipoanza kufunguliwa na hali ya hewa kuwa nzuri, wastani ulishuka chini ya 20. Bado ni mengi. Vifaa vingi vya mazoezi vya majumbani huishia kuanikiwa taulo.

Sasa mlete mtu wa Uzaramoni kwenye hoja hii. Kisarawe ni nchi ya mdundiko, ngoma inayotembea. Wapigaji wako mbele, kiongozi anaimba, watu wanaitikia na kuifuata njiani hadi vumbi linawafika magotini, na hakuna anayehesabu kilomita. Mwalimu yupo, muziki upo, wenzako wapo, na hakuna anayedaiwa ada ya mwezi.

Mdundiko haupigwi kila Jumanne alfajiri, hilo tunakubali. Lakini vikundi vya jogging vimechukua nafasi hiyo Dar es Salaam na vitongoji vyake: fulana za rangi moja, nyimbo, kiongozi mbele, mchango mdogo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuitaja Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Hamasa yake imekuwa ikipanda na kushuka, ila wazo lilikuwa sahihi: Mtanzania hufanya mazoezi vizuri akiwa katika kundi.

> Mwalimu yupo, muziki upo, wenzako wapo, na hakuna anayedaiwa ada ya mwezi.

Tena kuna kichekesho hapa. Wakazi wa Dar hufunga safari kuja kupanda vilima na kuendesha baiskeli katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wanalipa kiingilio ili wapate milima ambayo mkazi wa Msimbu anaipanda bure akienda dukani. Kisarawe ina hata kata yake inayoitwa Masaki, isiyo na uhusiano wowote na ile Masaki ya Dar yenye jimu za vioo.

Jirani zetu wa Kibaha nao wana la kusema. Filbert Bayi, ambaye amejenga shule Mkuza, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza tangu mwanzo wa mbio hadi mwisho, bila skrini ya kumwambia aliye nyuma yake ni nani.

Wanaoitetea wana hoja

Isije ikaonekana kwamba tunawacheka wanaoitaka. Sababu zao si za anasa.

Ya kwanza ni giza. Anayefika nyumbani saa 3 usiku hana kikundi cha jogging cha kumsubiri. Barabara nyingi za huku hazina njia ya waenda kwa miguu wala taa, na lori la mchanga likishuka mlima halimwoni mkimbiaji mpaka limefika. Mwanamke anayetoka peke yake alfajiri ana hesabu nyingine za kupiga kabla ya kufunga kamba za viatu: mbwa, vijana wa kijiweni, na macho ya majirani juu ya suruali aliyovaa. Ukimwambia mtu huyo kwamba barabara ni ya bure, umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Ya pili ni magoti. Mtu mwenye kilo nyingi, au mwenye goti lililokwisha kuchoka, akianza kwa kukimbia kwenye lami huweza kuumia ndani ya wiki chache na kuacha kabisa. Kwenye baiskeli uzito unabebwa na kiti, goti linazunguka bila kugongwagongwa. Ndiyo maana watu wa tiba ya viungo huipenda.

Ya tatu ni masika. Kati ya Machi na Mei barabara za udongo za Msimbu huwa na mawazo yao wenyewe, na vuli ikija mambo hujirudia.

Haja yenyewe ya mazoezi si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kama robo yao wana shinikizo la juu la damu, kiasi kinachokaribia hicho wana uzito uliozidi, na takriban asilimia 9 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kima cha chini ni kama dakika 22 kwa siku.

Dakika 22 zinapatikana sebuleni. Hilo hakuna anayelipinga.

Tumbo lina hesabu yake

Ila kuna ahadi moja ya matangazo ambayo lazima ivuliwe nguo: kwamba pedeli zitaondoa kitambi.

Jibu zuri la suala hili limetoka Tanzania hiihii. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na Herman Pontzer ilichapisha matokeo ya kupima nishati inayotumiwa na Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda na kukusanya chakula. Wengi walitarajia kwamba watu wanaotembea kutwa watatumia nishati nyingi mno kuliko watu wa mijini wa Marekani na Ulaya. Ukilinganisha miili ya ukubwa sawa, matumizi ya siku nzima yalikuwa karibu sawa. Mwili, inaelekea, hubana matumizi kwingine unapofanya kazi nyingi.

Lakini mioyo yao ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwakuta Wahadzabe wakifanya zaidi ya saa 2 za shughuli za kutosha kuhemesha kila siku, na dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo zilikuwa chache sana, hata kwa wazee.

Kwa hiyo, baiskeli ni ya moyo, presha, sukari na usingizi. Tumbo ni suala la sahani. Vikundi vya jogging vinaijua siri hii japo haviisemi: ni vingapi humaliza mbio za Jumamosi kwa supu ya makongoro na chapati tatu?

Joto halimo kwenye tangazo

Matangazo mengi yamepigwa picha katika nchi za baridi. Ukiendesha baiskeli barabarani, mwendo wenyewe unakuletea upepo. Ukiendesha sebuleni, hewa imesimama, na katika ukanda wa Pwani wenye unyevu, jasho halikauki mwilini; linadondoka tu. Bila feni iliyoelekezwa kifuani, nusu saa ni ndefu mno. Jasho hilo lina chumvi, na chumvi hula chuma: baiskeli isiyofutwa kila baada ya zoezi huanza kutu kwenye bolti za usukani na kiti.

Jingine ni la kiafya, na wauzaji hawaligusi. Madaktari wa Marekani wameandika kuhusu watu waliolazwa baada ya kipindi chao cha kwanza tu cha baiskeli ya kundi: misuli ya mapaja ilifanyishwa kazi kuliko uwezo wake, ikaharibika na kumwaga sumu iliyolemea figo. Dalili ni maumivu makali yasiyo ya kawaida na mkojo wa rangi ya chai. Si jambo la kila siku, na waliopatwa si wagonjwa peke yao; wamo vijana wenye afya. Mwalimu wa kwenye skrini anakuhimiza uongeze kasi bila kukuona. Siku za mwanzo mpuuze.

Ya sumaku, bila skrini

Baada ya kupima pande zote, jibu linakuja vipande viwili.

Baiskeli ya skrini inayofungwa na ada ya kila mwezi haimfai mkazi wa Msimbu, hata mwenye fedha. Hana duka la kumtengenezea, vipindi vya moja kwa moja vinamkuta kazini au usingizini, na karibu nusu ya gharama ya miaka mitatu ni ada anayolipia msukumo ambao hapa unapatikana kwa majirani.

Baiskeli ya mazoezi ya kawaida ni kitu kingine kabisa. Madukani Dar, Kariakoo ikiwamo, zinapatikana kwa laki kadhaa hadi milioni na ushee, nyingi zikitoka China. Hiyo inamfaa anayerudi usiku, mwenye magoti mabovu, mama mwenye watoto wadogo wasioweza kuachwa peke yao, na mstaafu aliyeshauriwa na daktari. Vipindi vya bure vya mtandaoni vipo tele, na simu inayoegemezwa kwenye usukani inatosha. Pakua kipindi ukiwa ofisini penye mtandao mzuri, usiku umeme ukikatika utaendelea.

Unapochagua, uliza inakaza kwa sumaku au kwa kipande kinachosugua gurudumu. Ya sumaku haina kelele, haichakai haraka, na iliyo rahisi haihitaji umeme. Ya kusugua ni ya bei ya chini, lakini kipande hicho kitaisha, na lazima ujue utakipata wapi. Tikisa mhimili wa kiti. Soma uzito wa juu unaoruhusiwa, maana nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa watu wembamba. Hakikisha kiti na usukani vyote vinapanda na kushuka, kwa kuwa itatumiwa na mume, mke na kijana wa sekondari.

Asiye na laki hizo asijione amekosa. Baiskeli ya kawaida ya barabarani, hata Phoenix ya mkononi, inampa mwili kazi ileile na inamfikisha gengeni.

Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua apite kwanza zahanati kupimwa, kabla ya kupita dukani. Wengine wote, jaribuni kwanza dakika 22 za kutembea kwa kasi kila siku kwa miezi miwili. Aliyeshindwa kwa uvivu, baiskeli nayo itamshinda. Aliyeshindwa kwa sababu ya giza, mvua au goti, huyo ndiye mnunuzi halali.

Na ukifika dukani, omba kuikalia na kuipiga pedeli kwa dakika 20, si dakika mbili. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.